Siku Nilipompeleka Mbwa wa Jangwani Kwenye Posa Yangu

Bwana harusi wa Bugeshi mnayemsikia kwenye masimulizi ni mimi. Nasema mapema ili asiwepo wa kunong'ona pembeni. Wale mliosikia habari ile sokoni mkadhani ni uongo wa walevi, si uongo, ilinitokea mimi na akili zangu zote, na miaka imepita lakini nikipanda upande ule wa volkano hakosi mtu wa kuniuliza, kwa adabu kabisa, shemeji yangu hajambo, nami najua vizuri ni shemeji yupi anayeulizwa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, risasi zimenyamaza upande wetu, watu wameanza tena kuezeka nyumba na kuoana, na mimi nilikuwa nauza vitenge, asubuhi navuka mpaka kwenda Goma, jioni narudi Gisenyi na mzigo wangu kichwani mwa mtu mwingine. Nina ugonjwa mmoja ambao hauna dawa: nikisikia biashara ambayo hakuna mtu wa Gisenyi ameshaifanya, usingizi unanihama (marehemu mama alikuwa akisema ningefuga hata mamba, mradi jirani asiwe naye). Sasa rafiki yangu Bosco, tuliyesoma naye shule ya msingi, alikuwa fundi wa ndege za mizigo, leo yuko Goma, kesho yuko Sudan, na siku moja akaniambia kwamba kule jangwani kuna mbwa wanaitwa Saluki, wembamba, warefu, wanakimbiza swala kwenye mchanga mpaka swala mwenyewe anakata tamaa, na wazungu wa mashirika, ambao wakati ule walikuwa wamejaa kwetu, wakimwona mmoja wanasahau hata safari yao.

Sikulala. Asubuhi nikamwambia Bosco, niletee jike, mzaliwa wa jangwani hasa, si wa kufugwa mjini, huyo ndiye atakuwa mama wa ukoo, kila Saluki atakayezaliwa kando ya ziwa Kivu atatoka tumboni mwake, na dume utaniletea baadaye. Bosco akanitazama akasema, "We Faustin, uko na ng'ombe?" Nikasema sina. "Uko na mbuzi?" Sina. "Bon," akasema, "tuanze na imbwa, donc."

Akaja ndani ya sanduku la mbao, katikati ya magunia ya vitunguu, na jina lake lilikuwa Rimali, ambalo Bosco alisema kwa Kiarabu ni mchanga. Nikavuka naye mpaka kwa mguu, nimevaa suti, na yule afisa wa forodha aliyekuwa amezoea vitenge vyangu akamzunguka mara moja, akamzunguka tena, akauliza nyama yake iko wapi. Nikampa karatasi ya chanjo. Akaisoma pole pole, akanirudishia, akasema, "Unaenda kuiuzisha ao unaenda kuitibisha?"

Huyo ndiye Rimali, na kila mtu alimwona hivyo hivyo. Mbavu zote za kuhesabika, kiuno cha nyigu, miguu ambayo ingemtosha mnyama mwingine mkubwa zaidi, halafu masikio yenye nywele ndefu laini, kama msichana aliyetoka saluni akasahau kula. Nami nilimpenda upesi kuliko nilivyokusudia. Alikuwa halali chini, analala kitandani kwangu, mgongo wake mgongoni pangu. Baridi ya ziwa ilimtetemesha, basi nikamshonesha sweta (naam, sweta, ya buluu), na siku za mvua nilikuwa nampeleka Nyamyumba kwenye chemchemi ya maji ya moto, nakaa naye pale kati ya wazee wenye maumivu ya magoti, wakituangalia bila kusema kitu, jambo lililokuwa baya kuliko kusema.

Lazima mjue kwamba miaka ile watu wetu hawakuwa na hamu na mbwa, na sababu zao zilikuwa nzito, sitaziingia hapa. Lakini huruma walikuwa nayo. Jirani yangu Mama Furaha, muuza sambaza, aliamini kabisa kwamba namuua yule mnyama kwa njaa, na kila jioni samaki waliobaki kwenye beseni walirushwa juu ya ukuta wangu. Nilimweleza kwamba ndivyo mbwa hawa walivyoumbwa. Akanijibu, "Ata mi niliumbwa, lakini ninakula." Akamrushia wengine mbele ya macho yangu.

Katikati ya hayo yote nilikuwa na mchumba. Vestine alikuwa karani kwenye ofisi ya serikali ya komini, msichana mwenye maneno machache na jicho linaloona kila kitu, na nilimtaka kwa moyo wangu wote. Baba yake, Mzee Munyaneza, alikuwa mkulima wa viazi kule Bugeshi, mwenye kondoo na ng'ombe, na kwake yeye mwanamume ni ng'ombe zake, mengine yote ni hewa. Zilikuwa zimemfikia habari kwamba mtu anayemtaka binti yake analala na mbwa. Akasema atatusikiliza, kwa kuwa hata mwendawazimu husikilizwa, lakini akisikia harufu ya upuuzi siku ile tutashuka mlima kama tulivyopanda.

Vestine akaja kwangu siku chache kabla ya posa, akasimama mlangoni, hakukaa. "Ninakuomba kitu kimoja tu," akasema. "Siku ile, neno imbwa lisitoke mu kinywa ya mutu wa kwenu. Ata mara moja." Nikaapa. Rimali alikuwa amelala juu ya koti langu la posa wakati naapa.

Kwa wasiojua posa yetu, gusaba, niwape mambo mawili tu. La kwanza, mwoaji mdomo wake umeshonwa. Unakaa na marafiki zako umependeza, unatazama mbele, na anayesema ni msemaji wa upande wenu. Akisema neno, limesemwa, hakuna wa kulirudisha. Upande wa msichana nao wana msemaji wao, na kazi yake ni kutafuta kosa, kuwazungusha, kuwatoza faini ya pombe, kucheka nanyi na kuwabana pamoja. La pili, mtu akikupa pombe juu ya jambo fulani, ukainywa, umekubali jambo lile. Huwezi kufuta mdomo halafu ukaanza kubishana.

Msemaji wetu alikuwa baba mdogo wangu Selestini, aliyekulia Masisi, na sijapata kusikia ulimi kama wake pande zote za ziwa. Ana kasoro moja tu, nayo ni koo lisilokataa pombe.

Basi wiki ya posa ikafika, na Rimali, ambaye alikuwa hajawahi, akaingia kwenye joto. Nilikuwa nadhani Gisenyi haina mbwa. Wote walitokea. Walikuja wenye mikia na wasio na mikia, mmoja alikuja na kamba iliyokatika shingoni, wakalala mbele ya lango langu kama watu wanaosubiri kufunguliwa kwa benki. Na dume la Bosco bado liko Sudan. Mama Furaha akajitolea, "Muniachie, mi nitaifungia mu jikoni," lakini jiko la Mama Furaha lilikuwa halina mlango, lilikuwa na pazia, nami nikauona ukoo wangu wote wa kifalme unaishia nyuma ya pazia lile, kati ya masufuria.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Nikajiambia, nitampakia kwenye gari, nitaliegesha mbali kidogo na nyumba, chini ya mikaratusi, vioo vimefungwa, atalala, posa itakwisha, hakuna atakayejua. Baba mdogo alipomwona kwenye kiti cha mbele cha pikapu yangu akauliza, "Na huyu?" Nikamwambia huyu hayupo. Akafikiri, akapanda nyuma na wenzake.

Bugeshi kulikuwa na baridi na jua pamoja, kama kawaida yao. Ua wa Mzee Munyaneza umefagiwa, maturubai mawili yanatazamana, upande wao na upande wetu, shamba la viazi limechanua maua meupe nyuma ya nyumba, na ng'ombe tuliyekuwa tumemtanguliza kwa ajili ya mahari amefungwa pale kila mtu amwone. Niliegesha mbali kama nilivyopanga. Rimali akaanza kuhema na kulia kidogo, nami nikamwonea huruma, nikateremsha kioo kiasi cha upana wa kiganja changu, kiasi ambacho hata paka mnene asingepita. Nilisahau kwamba mbwa wangu alikuwa amejengwa kwa ufito.

Mwanzo ulikwenda vizuri kupita matumaini. Msemaji wao alikuwa katekista mstaafu wa pale, mzee mwembamba mwenye sauti ya kanisani (wote walimwita Katekista tu), na alituzungusha vizuri, akajifanya hajui tumetoka wapi, akajifanya hana binti, akatutoza faini kwa kuchelewa ingawa tulikuwa tumewahi. Baba mdogo alijibu kila kitu, watu wakacheka, nikamwona hata Mzee Munyaneza amelegeza taya. Vestine alikuwa ndani na shangazi zake, nyuma ya pazia la mlango, kwa sababu binti hatoki mpaka ametolewa rasmi.

Halafu wakaingia wacheza ngoma, vijana wa pale kijijini waliovaa kama intore wa zamani, wale wachezaji wa mfalme, mikuki mikononi, kengele miguuni, na kichwani zile nywele ndefu nyeupe za katani ambazo mchezaji akitikisa shingo zinaruka hewani, zinaanguka, zinaruka tena.

Sasa ninyi fikirini. Mnyama ambaye babu na bibi zake, vizazi na vizazi, walifunzwa kitu kimoja tu duniani, kwamba kitu cheupe kinachorukaruka mbele yako ni swala, na swala hukimbizwa. Yuko ndani ya gari chini ya mikaratusi. Anatazama.

Sikumwona akitoka. Niliona kitu chenye sweta ya buluu kimepita kati ya maturubai mawili, bila sauti yoyote, na mchezaji wa mbele, kijana mnene aliyekuwa amefumba macho kwa utamu wa ngoma, akayafumbua wakati mwafaka. Akatupa mkuki. Angetupa tu na zile nywele mambo yangekwisha, lakini alikimbia nazo kichwani, zikipepea nyuma yake, na kadiri alivyokimbia ndivyo zilivyozidi kupepea, akaingia kwenye viazi, Rimali nyuma yake, wakazunguka shamba lote mbele ya wageni, kengele zikilia, mpaka kijana akajikwaa kwenye tuta, nywele zikamvuka kichwa, na Rimali akazichukua, akazitikisa mara moja kuhakikisha zimekufa, akarudi nazo kwa mwendo wa madaha katikati ya ua, akaziweka miguuni pangu.

Mzee Munyaneza akauliza, bila kupandisha sauti, yule ni nini.

Mdomo wangu umeshonwa. Nikamtazama baba mdogo, na baba mdogo, maskini, alikumbuka lile agizo la Vestine nililomfikishia, kwamba neno mbwa lisitoke kinywani mwa mtu wa kwetu, akalitii. Akasimama, akakohoa. Maneno yalisemwa kwa Kinyarwanda, na Kinyarwanda cha baba mdogo kikipamba kitu kinapamba kweli, mimi nawapa kama nilivyoyameza.

"Wakubwa," akasema, "mnayemwona si mnyama wa kutupiwa mawe. Ni binti wa nyumbani kwetu. Ametoka kwenye ukoo wa wakuu wa jangwani, mkwe wenu amemlea kama mtoto wa tumbo, anakula naye, analala naye, anamvika. Alikuja kushuhudia baraka ya kaka yake."

Watu wakapiga makofi. Makofi ya kweli, maana ilisemwa vizuri, na Katekista akainamisha kichwa kama mchezaji wa karata aliyeona karata nzuri, akasema, basi binti wa watu akaribishwe, aketi na wasichana wenzake. Mzee Munyaneza hakupiga makofi, lakini hakusimama pia. Nikapumua. Nikadhani yamekwisha.

Mzee alikuwa na mbwa wa kondoo, Tomi jina lake, kifupi, kipana, sikio moja limekatika, mwenye umri wa kustaafu. Wakati wote huo alikuwa amelala nyuma ya zizi. Sitaeleza sana, mliofuga mnajua. Watu walikuwa wanageuka kuketi, Katekista amefungua kinywa aendelee na shughuli, na pale pale katikati ya ua, kati ya upande wao na upande wetu, Tomi akamaliza kwa kupepesa jicho mpango wangu wa miaka. Halafu wakanasana. Mjue kwamba mbwa wakinasana hawatengani kwa kelele wala kwa maji, ni mpaka wao wenyewe, na hawa walisimama pale wamepeana migongo, mmoja anatazama upande wa msichana, mwingine anatazama upande wangu, Rimali katika sweta yake ya buluu akinitazama kama mtu aliyekaa kwenye foleni ndefu.

Shangazi mmoja aliyekuwa anachungulia penye pazia la mlango akajifunika kitenge usoni, lakini kitenge kilikuwa na upenyo. Mtu akarusha ndoo ya maji. Nikatamani ardhi ya volkano ifanye kazi yake.

Katekista alingoja. Alijua kungoja, yule mzee. Kisha akasema kwa sauti ya mahubiri, "Mmekuja kuomba mke kwetu kwa heshima, tunawashukuru. Lakini naona huku tunaongea, binti wenu ameshaolewa." Ua mzima ukaanguka kwa kicheko. Hata ng'ombe wa mahari aligeuza kichwa.

Hapo baba mdogo angenyamaza, tungecheka, tungeendelea. Lakini Selestini hajawahi kuacha neno la mwisho kwa mtu mwingine. Akaruka juu akasema, hapana, binti wetu hakuolewa, binti wetu amechukuliwa bila kuombwa, na katika mila zetu anayechukua binti wa watu bila kuomba hulipa faini, tunataka faini yetu. Alikuwa ametushindia, mnaona? Tumewageuzia kibao nyumbani kwao. Marafiki zangu wakapiga mluzi. Na Katekista akasema taratibu, ni haki yenu, hatukatai, akaita mtungi wa pombe ya mtama ukaletwa na mrija wake, akaupokea, akaukabidhi kwa baba mdogo kwa mikono miwili, "faini yetu juu ya binti yenu, mpokee."

Nilimwona baba mdogo akichukua mrija. Nilitaka kupiga kelele. Mtungi ulikuwa unatoa povu, alikuwa amesema tangu asubuhi, na koo lile nimeshawaambia. Akanywa, akanywa tena, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Asanteni kwa kukubali," akasema Katekista. "Ndoa imekamilika. Na msichana akiolewa anakaa wapi?"

Marafiki zangu wakaanza kuangalia viatu vyao.

"Nauliza tu," akasema. "Ninyi leo tukiwapa binti yetu, mtamwacha hapa kwa baba yake, au mtakwenda naye?"

Baba mdogo akaketi. Aliniinamia sikioni akasema, "Faustin, mutoto wangu, nimeuzisha imbwa yako."

Na hapo ndipo penye aibu yenyewe, maana mpaka hapo tulikuwa tunachekesha tu. Mimi nilisimama. Mwoaji, kwenye posa yake, mbele ya baba mkwe, nilisimama nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe, na sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka, "Chukueni ng'ombe, chukueni na gari mkitaka, huyu simwachi. Kama ni kumwacha huyu, bora tupande gari turudi."

Kicheko kilikatika kama mtu amezima redio. Nilisikia maneno yangu yakizunguka ule ua, nikayasikia yakifika kwenye pazia la mlango. Rafiki mmoja alinivuta koti nikae. Mzee Munyaneza alikuwa ananitazama sasa, kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama mimi na si ng'ombe wangu.

Pazia likafunguka, akatoka yule shangazi wa kitenge. Alivuka ua pole pole, akasimama mbele yangu, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Vestine anauliza. Ile maneno umesema, njo yako mwenyewe, ao ni ya jua ilikupiga mu kichwa?"

Ningejibu papo hapo. Mtu mwenye akili angejibu kabla hajamaliza swali, ni ya jua, mama, nisameheni. Mimi niligeuka nikamtazama Rimali. Walikuwa wameshaachana na yule Tomi, alikuwa amekaa chini, mkia ameuzungushia miguu, ananingoja mimi tu kama kila jioni, na nikamtazama muda ambao mtu hapaswi kumtazama mbwa wakati anasubiriwa na mke. Halafu nikasema, "Ni ya jua. Abaki." Shangazi akarudi ndani na majibu mawili, lile nililosema na ule muda niliochukua.

Vestine alitoka, alitolewa rasmi, alikuwa mzuri mpaka nikasahau mikono yangu iko wapi, akaamkia wote, akanikumbatia kama mila inavyotaka. Mikono yake ilinigusa mgongoni kidogo tu, ikaondoka.

Tukaondoka jua likishuka. Rimali walimfunga kwenye zizi kwa kamba ya ng'ombe. Niliendesha bila kugeuka nyuma, baba mdogo kando yangu, akiomba msamaha na kupiga mbweu kwa zamu, na barabara ile ya mawe ya volkano unajua huwezi kukimbia. Tulikuwa tumeteremka mbali kiasi, nikaona kitu kwenye kioo. Kamba ilikuwa inaburuzika nyuma yake. Sikuwahi kumwona akikimbia, nawaambieni ukweli. Mjini nilikuwa namfunga, na kwenye viazi alikuwa anacheza tu. Sasa nilimwona. Miguu yote minne ilikuwa hewani muda mrefu kuliko ilivyokuwa chini. Akatufikia, akatupita kama tumesimama, akaenda akasimama mbele, katikati ya barabara, wala hahemi. Nikasimamisha gari. Akaruka ndani, akakaa juu ya mapaja ya baba mdogo, akaweka pua yake shingoni pangu.

Nikamwambia baba mdogo twende zetu. Baba mdogo akaikusanya ile kamba mkononi, kisha akasema, "Binti akitoroka kwa bwana yake, wazazi banamurudisha. Tusipomurudisha, kesho banaweza kumushika muchumba wako. Geuza gari."

Niligeuza. Nililia njia nzima ya kupanda, watu wa viazi wakitupungia mkono wakidhani tumesahau kitu. Mzee Munyaneza alitupokea langoni, akamchukua kwa kamba, na Vestine alikuwa amesimama nyuma yake amevua mapambo, amevaa nguo za jikoni. Akanitazama macho yangu yalivyo mekundu. Nikajaribu kusema ni vumbi.

"Nilisema mu roho yangu, huyu mutu namukataa," akasema. "Nilikuwa naenda kuwaambia sasa hivi." Akatazama yule mbwa, akanitazama mimi. "Lakini mutu anayelia hivi juu ya imbwa, na bado ameirudisha. Tunaweza kujaribu."

Tukaoana. Nilijaribu baadaye kumnunua Rimali, nikaulizwa na mkwe wangu kama kwetu watu huuza dada zao. Alikaa Bugeshi, alilala ndani, karibu na moto, na mzee aliyesema mwanamume ni ng'ombe alionekana na watu akimbadilishia sweta. Bosco nilipomsimulia aliweka spana chini akaketi kwenye tairi la ndege, na habari ya dume haikutajwa tena.

Sasa kuna mila moja ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Ng'ombe wa mahari akizaa, baba wa msichana huwarudishia maharusi kitu katika uzao wake, inaitwa indongoranyo, na hutolewa mbele za watu, kwa hotuba. Mzee Munyaneza alishuka mwenyewe mpaka Gisenyi, na Katekista na jamaa wa kutosha, majirani wote wamejaa, Mama Furaha kiti cha mbele. Akafungua kikapu, na ndani mlikuwa na mtoto wa Rimali. Alikuwa na mwili wa Tomi, mpana, mguu mfupi, tumbo linagusa sakafu, na juu ya hayo yote masikio mawili marefu ya hariri yanayoburuzika. Nikamnyanyua mbele ya umati, nikasema asante kwa kirefu kama mila inavyotaka, nikamsifu miguu yake, nikamsifu mbio zake, yeye akinikojolea koti, nikaapa kimoyomoyo kwamba nikipata watoto wa kike mimi mwenyewe ndiye nitakayewaozesha, na kwamba atakayekuja kuwaposa akiwa na mnyama wa aina yoyote, hata kuku, nitamfungulia mlango, nitampa kiti, nami nitaangalia kwanza anavyomshika.